Kiharusi Kikiingia Katika Ndoa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya pesa, wakwe, ulevi na malezi ya watoto. Safari hii tuutazame ugonjwa mmoja unaoleta ugomvi nyumbani huku wenye nyumba wasijue kwamba wanagombana na ugonjwa. Nao ni kiharusi, ambacho wengi wetu twakiita kupooza.

Mkono uliopooza kila mtu anauona. Majirani huja kutoa pole, wanajumuiya huleta maziwa na sukari, na shemeji husaidia kumgeuza mgonjwa kitandani. Baada ya miezi mitatu au minne wageni hupungua, na hapo malalamiko ya chini chini huanza. Mke asema: "Baba watoto amekuwa mtu mwingine. Nikimwuliza jambo ananitazama tu, kisha anapiga meza." Mume wa nyumba nyingine asema: "Mama watoto anaongea vizuri kuliko mimi, lakini anaacha sufuria motoni, anatuma pesa ovyo, na nikimkanya ananiambia mimi ndiye niliye na kasoro." Ndugu wakiitwa kusuluhisha, mmoja husema ni kiburi, wa pili husema ni uvivu uliopata kisingizio, na wa tatu hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Maneno hayo nimeyasikia katika kutembelea wagonjwa, tena katika nyumba zenye msalaba ukutani.

Jibu la mambo mengi ya namna hii limo ndani ya fuvu la kichwa. Kiharusi hakiugongi mkono. Kinaugonga ubongo, na ubongo huohuo uliokuwa ukiuendesha mkono ndio uliokuwa ukifikiri, ukipanga, ukisema na ukizuia hasira. Ni vigumu kuamini kwamba kitaiharibu kazi moja na kuziacha zote nyingine salama.

UBONGO UNA NUSU MBILI

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kama sehemu 2 katika 100 za mwili. Hata hivyo hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote ya mwili, wala hauna ghala la akiba. Damu ikikatika kwa dakika chache, sehemu iliyokosa damu huanza kufa. Mara nyingi mshipa huwa umezibwa na donge la damu. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikavuja kichwani. Adui mkubwa wa mishipa hiyo ni shinikizo la damu, ile presha yetu, ambayo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Kisukari, sigara na moyo unaopiga bila mpango huongeza hatari.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale ambao bado hawajapatwa. Ukiona uso wa mwenzi wako umepinda ghafula upande mmoja, au mkono hauinuki, au maneno yanaburutika, tazama saa, kisha mkimbize katika hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha kuonyesha kwamba si damu iliyovuja. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda hawezi kumeza sawasawa. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, wala msimtoboe vidole kwa sindano. Watafiti wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukizibwa, seli za ubongo karibu milioni 2 hufa kila dakika. Kumngoja mjomba afike kutoka mjini ili ndipo muamue ni hasara kubwa.

Tuendelee. Chukua haragwe lililolowekwa usiku kucha, ulimenye ganda lake. Utaona nusu mbili zilizolaliana na kushikana. Ubongo nao una nusu mbili namna hiyo, ya kulia na ya kushoto, na katikati yake lipo daraja nene la nyuzi zipatazo milioni 200 ambazo kwazo nusu hizi hupashana habari. Nyuzi ziendazo mwilini hupishana njiani, hata nusu ya kushoto ikauendesha mkono na mguu wa kulia, na nusu ya kulia ikaendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo ukimwona mtu aliyepooza mkono wa kulia, jua kwamba jeraha lake aghalabu liko kushoto kichwani. Aliyepooza kushoto, jeraha liko kulia.

Kwamba nusu hizi hazifanyi kazi moja kulijulikana wazi mwaka 1861, kule Ufaransa. Daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kutamka ila sauti moja, "tan". Watu wote walimwita kwa jina hilo. Alikuwa akielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Akakusanya wagonjwa wengine, na mwaka 1865 akasema kwamba tunasema kwa nusu ya kushoto. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1981, Roger Sperry wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza watu waliokuwa wamekatwa lile daraja la katikati ili kutibiwa kifafa. Aliona kwamba kila nusu ina ujuzi wake.

Kwa ufupi basi, katika watu wengi sana nusu ya kushoto ndiyo yenye maneno, kusoma, kuandika, hesabu, na kupanga matendo hatua kwa hatua. Nusu ya kulia hutazama jambo zima kwa pamoja: vitu viko wapi, njia inapita wapi, uso wa mtu unasema nini, sauti yake ina hasira au mzaha, na mwili wangu mwenyewe uko katika hali gani. Siku hizi wako watu wanaosema kwamba fulani ni mtu wa hesabu kwa kuwa anatumia ubongo wa kushoto, na fulani ni msanii kwa kuwa anatumia wa kulia. Hayo ni maneno ya mtaani. Mtu mzima wa afya hutumia nusu zote mbili katika karibu kila kazi, na hasara huonekana pale moja inapougua na kuiacha nyingine peke yake.

MVUA INAKUJA

Nitoe mfano. Mahindi yameanikwa uani. Jiko limewashwa, maharage yako juu yake. Mara wingu jeusi linatanda. Mtu mwenye afya hafikiri hata dakika moja: anaita watoto, anachukua turubai na magunia, anaanza na upande ulio karibu na mfereji, anamwambia mmoja ashushe maharage, na mwishoni anazunguka uani kuangalia kama kuna kilichosahaulika. Kazi hiyo ndogo ina mambo mengi ndani yake. Ni lazima atambue kwamba kuna tatizo. Ni lazima aone uwanja wote. Apange kipi kitangulie, awaambie wengine, aanze, na kisha ajikague.

Mtazame sasa mtu ambaye nusu yake ya kushoto imejeruhiwa. Wingu ameliona. Anajua kabisa mahindi yataloa. Lakini neno "gunia" halimjii, na anapolitafuta linakuja "mbuzi". Watoto wanacheka. Anashika turubai, anasahau lipi linafuata, analikunja badala ya kulikunjua. Anajua kwamba anakosea, na kujua huko kunamtia uchungu mpaka analitupa chini. Huyo ndiye mke wake anayesema ana hasira za bure.

Wa pili amejeruhiwa nusu ya kulia. Huyu atakueleza vizuri sana jinsi mahindi yanavyokusanywa, na hata mzaha ataongeza. Anainuka haraka, anasahau kwamba mguu wa kushoto haumbebi, anaanguka. Au anakusanya mahindi ya upande wa kulia wa ua, na yale ya kushoto anayaacha yalivyo, kisha anakuambia kwa moyo mweupe kwamba amemaliza. Ukimwonyesha, atasema yamemwagwa na kuku. Hakutunga uongo ili akuudhi. Ubongo wake haukumletea habari za upande ule.

Yuko pia wa tatu, ambaye jeraha lake liko mbele, nyuma ya paji la uso, kulia au kushoto. Huyo anakaa kwenye kiti akiitazama mvua ikiyalowesha mahindi. Ukimwuliza kama mahindi yanaloa, atasema ndiyo. Hakuinuka kwa sababu kile kitu cha ndani kinachomwambia mtu "haya, anza" kimezimika. Ukimshika mkono na kumwambia, "Baba watoto, chukua gunia hili, simama hapa," huenda akafanya kazi vizuri mpaka mwisho. Sijui ni wake wangapi wamewaita waume wao wavivu kwa jambo hili, na ni waume wangapi wamewarudisha wake zao kwao.

Bila shaka wagonjwa hawalingani. Donge dogo huharibu kidogo, donge kubwa huharibu kwingi, na wako wenye majeraha pande zote mbili. Hata hivyo mgawanyo huu husaidia, maana dawa ya nyumbani ya yule wa kwanza ni karibu kinyume cha dawa ya yule wa pili.

AKIPOOZA UPANDE WA KULIA

Huyu aliyejeruhiwa nusu ya kushoto, kosa kubwa tunalomfanyia ni kudhani kwamba akili imekwenda pamoja na maneno. Twamsemesha kama mtoto mchanga. Twapaza sauti kana kwamba ni kiziwi. Kibaya zaidi, twajadili mazishi, shamba na karo mbele yake kana kwamba hayupo.

Mwanamke mmoja msomi wa Marekani, Jill Bolte Taylor, alikuwa mtaalamu wa ubongo. Tarehe 10 Desemba 1996 mshipa ulipasuka katika nusu ya kushoto ya ubongo wake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 37. Baadaye aliandika kitabu juu ya yaliyompata. Anaeleza kwamba alijua anahitaji kupiga simu kazini apate msaada, lakini namba hazikuwa tena namba machoni pake, zilikuwa michoro tu. Akazilinganisha zile za kwenye kadi na zile za kwenye simu, umbo kwa umbo. Kuitafuta kadi tu katika rundo kulimchukua dakika nyingi mno. Simu ilipopokewa, hakutoka neno mdomoni mwake ila mlio. Kupona kwake kulichukua miaka 8. Ona basi: tatizo alilijua, na nia ya kulitatua alikuwa nayo, lakini vyombo vya kazi vilikuwa vimevunjika.

Kwa mwenzi wa namna hii, sema sentensi fupi, jambo moja moja. Uliza maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, au kwa kuonyesha kidole: "Chai au uji?" huku umeshika vikombe vyote viwili. Ngoja. Ukimngoja nusu dakika nzima bila kumkatiza, mara nyingi jibu litakuja. Usimmalizie kila neno. Kazi yenye hatua nyingi, kama kuvaa shati au kupika chai, mfanyie kwanza aone, kisha afanye yeye. Macho yake humsaidia pale masikio yanaposhindwa.

Kuna jambo linalotatanisha familia nyingi. Mgonjwa ambaye hawezi kuomba maji huweza kusali Baba Yetu mpaka mwisho, kuhesabu moja hadi kumi, au kuimba wimbo wa kanisani maneno yote yakiwa mahali pake. Ndugu huona hapo wamemkamata: "Kumbe anaweza kusema, anatuchezea!" La hasha. Maneno tuliyoyakariri tangu utotoni, na maneno yaliyofungwa katika wimbo, hupita njia nyingine ubongoni, na nusu ya kulia huchangia. Hata wataalamu wa tiba ya usemi hutumia kuimba kumfundisha mgonjwa kusema tena. Salini naye kila jioni basi, na mwimbe. Lakini msimtoze sala hiyo kama ushahidi dhidi yake. Na kama anatamani kuungama, padre aweza kuipokea toba yake kwa ishara.

AKIPOOZA UPANDE WA KUSHOTO

Huyu ndiye anayevunja ndoa kimya kimya, maana kwa wageni anaonekana mzima. Anaongea. Ndugu wa mjini wakipiga simu wanasema, "Mbona yuko sawa?" Ni wewe unayelala naye nyumba moja uonaye kwamba anakula upande wa kulia wa sahani na kudai kwamba ugali umekwisha, kwamba ananyoa shavu moja, kwamba anagonga mlango kwa bega la kushoto. Mpe karatasi achore uso wa saa. Akizirundika namba zote 12 upande wa kulia, umeona kwa macho yako kile anachokosa.

Juu ya hayo, wengine hawaamini kabisa kwamba wanaumwa. Daktari Joseph Babinski wa Paris aliieleza hali hiyo na kuipa jina mwaka 1914: mgonjwa amepooza upande mzima wa kushoto, lakini ukimwuliza mkono wake ukoje, atasema hauna neno.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoufahamu ulitokea katika Ikulu ya Marekani. Rais Woodrow Wilson alikuwa amerudi kutoka Ufaransa na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia na kuanzisha Shirikisho la Mataifa. Alizunguka nchi kwa gari-moshi akiwaomba wananchi wauunge mkono, mpaka alipozidiwa mwishoni mwa Septemba. Tarehe 2 Oktoba kiharusi kikampata, akapooza upande wa kushoto. Alikuwa na miaka 62. Mkewe Edith, waliyeoana naye mwaka 1915 baada ya mke wa kwanza kufariki, alifunga mlango. Wananchi waliambiwa kwamba rais amechoka. Kwa miezi kadhaa karatasi za serikali zilipitia mikononi mwa Edith, naye ndiye aliyechagua zipi zimfikie mumewe. Maseneta wawili walipokuja Desemba kumchungulia, mkono wa kushoto ulifichwa chini ya blanketi. Akawajibu kwa ufasaha na kwa mzaha, nao wakatoka wameridhika.

Tatizo lililokuwa mbele yake lilikuwa na njia ya kupita. Maseneta wengi walikuwa tayari kuupitisha mkataba kama ungeongezewa masharti. Edith mwenyewe anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba alimsihi mumewe akubali masharti yale mambo yaishe. Wilson alikataa, akamwomba asimwache naye kama wengine. Mkataba ukaanguka katika Seneti mwezi Novemba 1919, ukaanguka tena Machi 1920, na Marekani haikujiunga na Shirikisho lile kamwe. Februari 1920 alimfukuza waziri wake wa mambo ya nje, Robert Lansing, kwa kuwa aliitisha vikao vya mawaziri bila yeye. Na mwaka huohuo, hawezi kutembea bila msaada, bado alitumaini kuteuliwa agombee urais mara ya tatu. Alifariki Februari 1924.

Wanahistoria hubishana ni kiasi gani ugonjwa ulihusika, kwa sababu Wilson alikuwa mtu wa msimamo mkali hata kabla ya hapo. Nakubali. Lakini mtu ashikaye njia moja hata inapoziba, asiyeuona udhaifu wake, asiyesoma nyuso za walio mbele yake, huku ulimi ukiwa mzima kabisa, ndiye hasa mtu ambaye madaktari hutueleza kwamba amejeruhiwa nusu ya kulia. Kiharusi aghalabu huikuza tabia iliyokuwamo.

Namwonea huruma Edith. Alifanya ambacho wake wengi wa kwetu hufanya: kuficha ili mume asidharauliwe. Lakini kwa kumfungia mlango aliwazuia pia watu ambao wangeweza kumsaidia kuona alichokuwa haoni.

Kwa mwenzi wa namna hii, maneno ndiyo chombo kilichobaki kizima, kwa hiyo yatumie. Mwambie afanye kazi kwa kujisemea hatua kwa sauti: funga breki ya kiti, weka mguu, shika ukuta, inuka. Punguza vitu vilivyotapakaa chumbani. Weka kitambaa chekundu ukingoni kushoto mwa sahani na ukurasa, na umfundishe kutafuta wekundu huo kwa macho kabla hajaanza. Akikuambia "naweza," usimbishie, wala usimwamini; mwambie, "Nionyeshe nikiwa hapa." Panga, jiko la mafuta, pikipiki na usukani wa gari vikae mbali naye mpaka daktari amkague. Kubishana naye juu ya mkono wake hakusaidii kitu, maana unambishia mtu asiyeiona habari unayoiona wewe.

Na kuna jambo la siri zaidi. Nusu ya kulia ndiyo inayosikia machozi ndani ya sauti. Ikiumia, mume aweza kuketi mbele ya mke anayelia akaendelea kuuliza juu ya chakula. Sauti yake mwenyewe yaweza kuwa bapa, haina wimbo, hata maneno "nakupenda" yakasikika kama tangazo la redio. Mke akahitimisha kwamba upendo umekufa. Dada yangu, mwambie kwa maneno: "Baba watoto, nalia kwa sababu nimechoka. Nataka unishike mkono." Uso wako hausomi tena kama zamani, ila maneno atayaelewa.

PESA, SHAMBA NA SAHIHI

Hapa ndipo ndugu huingilia. Aliyepoteza maneno hunyang'anywa maamuzi yote, ingawa huenda anaelewa kila kitu. Aliyebakiwa na maneno huachiwa maamuzi yote, ingawa huenda haoni hatari. Yaani tunakosea pande zote mbili, kwa sababu tunapima akili kwa ulimi.

Yafaa mgawe maamuzi kwa ukubwa. Nguo za kuvaa, chakula, nani atembelewe, hayo abaki nayo kabisa, ajisikie bado ni mwenye nyumba. Pesa nyingi, mkopo wa SACCO, kuuza ng'ombe, hayo yahitaji vichwa viwili na usiku mmoja katikati: linasemwa leo, linaamuliwa kesho. Simu yenye namba ya siri ya kutuma pesa isiachwe mikononi mwa mtu ambaye huvutwa na kila ombi. Zungumzeni, muweke kiasi kidogo humo, kingine kikae pengine. Kwa habari ya nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hapa Kenya inataka wote wawili wakubali kabla nyumba hiyo haijauzwa, na wakubali kwa maandishi, huku wakielewa, kabla haijawekwa rehani. Kidole gumba kilichoshikwa na shemeji na kukandamizwa kwenye wino si kukubali. Kama kuna karatasi ya lazima kutiwa sahihi, tafuteni kwanza barua ya daktari inayosema mgonjwa anaelewa nini, kisha mwende kwa wakili.

NYINYI WAWILI

Karibu mtu mmoja katika watatu huingiwa na huzuni nzito baada ya kiharusi. Halali, hali, hataki wageni, pengine anasema heri angekufa. Hiyo nayo ina dawa, na yapasa kuambiwa daktari. Wengine hucheka au kulia ghafula bila sababu, hata mazishini, na huko nako ni jeraha la ubongo. Badilisha mazungumzo, kutapita.

Wengi huogopa tendo la ndoa, wakidhani litaleta kiharusi cha pili. Kwa mtu ambaye presha yake imetulia, hatari hiyo ni ndogo. Ni kweli kwamba dawa nyingine za presha hupunguza nguvu au hamu, na mgonjwa huziacha kimyakimya kwa ajili hiyo. Asiziache. Amwambie daktari abadilishiwe. Na kama mwenzi mmoja hayuko tayari, kulala kitanda kimoja na kukandana mkono uliopooza kwa mafuta ni mapendo pia.

Wewe unayeuguza, lala. Mgonjwa huchoka upesi akili, kwa hiyo mambo mazito yazungumzwe asubuhi, redio ikiwa imezimwa, watoto wakiwa nje. Jioni usimwulize juu ya karo. Kupona huenda kasi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha hupunguza mwendo, lakini hakukomi. Watu wamepata maneno mapya baada ya miaka miwili na zaidi kwa mazoezi ya kila siku.

MKIENDA KLINIKI

Daktari ana foleni ndefu na aghalabu atapima presha, atatazama mkono, ataandika dawa. Kwa hiyo nenda na maswali yako yameandikwa kwenye daftari. Jeraha liko nusu gani, na liko mbele au nyuma? Lilikuwa donge au damu iliyovuja? Anaona pande zote mbili? Anaelewa kiasi gani cha anachoambiwa, na nani anaweza kumpima? Hospitali ya kaunti ina mtaalamu wa usemi au wa tiba ya kazi za mikono, na anakuja siku gani? Aweza kubaki nyumbani peke yake na jiko? Mweleze pia yale ya nyumbani ambayo hawezi kuyaona akiwa ofisini: ile sahani ya nusu, ile sufuria iliyoungua, zile pesa zilizotumwa. Na umwambie hayo mwenzi wako akiwa ameketi papo hapo, mkono wako ukiwa juu ya wake, ule unaohisi.